Kuwasilisha Ritani ya Ushuru wa Mapato Nchini Kenya kwa Mara ya Kwanza: Mwongozo kwa Mwajiriwa Mpya

Mtu yeyote mwenye PIN (nambari ya mlipa ushuru) ya KRA, yaani Mamlaka ya Ushuru ya Kenya, iliyosajiliwa kwa ushuru wa mapato ana wajibu wa kisheria wa kuwasilisha ritani, yaani taarifa ya mapato na ushuru wake, kila mwaka. Mwaka wa mapato nchini Kenya huanza tarehe 1 Januari na kumalizika tarehe 31 Desemba, na ritani ya mwaka huo hupokelewa kuanzia Januari inayofuata hadi tarehe 30 Juni. Kwa hiyo aliyefanya kazi mwaka wa 2025 anatakiwa awe amewasilisha ritani yake kufikia tarehe 30 Juni 2026, hata kama mwajiri wake alimkata PAYE, yaani ushuru wa mapato unaokatwa kwenye mshahara, kila mwezi bila kukosa.

Jambo hilo la mwisho ndilo linalowatatiza walio wengi. Mtu huuliza, na ana haki ya kuuliza: ikiwa ushuru umekwisha kukatwa kwenye mshahara, ritani ni ya nini tena? Jibu ni kwamba kinachopelekwa na mwajiri ni kauli ya mwajiri. Kila mwezi, kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata, mwajiri huwasilisha kwa KRA fedha alizokata pamoja na orodha ya wafanyakazi wake, ikionyesha PIN ya kila mmoja, mshahara wake na ushuru uliotozwa. Mwajiri hajui kama una kazi nyingine jioni, kama umekodisha nyumba, au kama unalipia bima ya maisha inayokupa nafuu, yaani punguzo la ushuru. Ritani ndiyo kauli yako wewe mwenyewe kuhusu mapato yako yote ya mwaka, na sheria inakuhesabu wewe kuwa msemaji wake hata kama aliyebonyeza vitufe ni mtu mwingine.

Kwa sababu hiyo nasisitiza jambo moja kabla ya kuingia katika hatua zenyewe: usikubali kuwasilishiwa ritani ya sifuri ilhali ulilipwa mshahara. Kila mwezi Juni, vijana wengi huingia katika saiberi, humpa mhudumu PIN na nenosiri, na baada ya dakika chache hutoka na karatasi inayosema kwamba hawakupata hata shilingi moja mwaka mzima. Njia hiyo ni ya haraka na ya bei nafuu, lakini kwa mtu aliyeajiriwa ni tamko la uongo, na KRA tayari inayo orodha ya mwajiri inayolipinga. Ritani ya sifuri imewekwa kwa ajili ya mtu mwenye PIN ambaye kwa kweli hakuwa na mapato: mwanafunzi, aliyemaliza chuo na bado anatafuta kazi, au mtu aliyeacha kazi na kukaa mwaka mzima bila kipato. Ikiwa hiyo ndiyo hali yako, ritani ya sifuri ni sahihi na unapaswa kuiwasilisha. Ikiwa siyo hali yako, soma yafuatayo ukiwa na stakabadhi zako za mshahara karibu.

Stakabadhi za kutayarisha

Unahitaji PIN yako, nenosiri la iTax (mfumo wa KRA wa mtandaoni), barua pepe uliyoitumia wakati wa kujisajili, na fomu ya P9 kutoka kwa mwajiri. PIN ya mtu binafsi huanza kwa herufi A na PIN ya kampuni huanza kwa herufi P, na ni muhimu uzitofautishe kwa sababu ndani ya ritani utaulizwa PIN ya mwajiri mahali ambapo wengi huandika ya kwao. Ikiwa barua pepe uliyojisajilia ilifunguliwa na mtu mwingine na huwezi kuifikia, shughulikia hilo kwanza, kwa kwenda katika ofisi ya KRA au kituo cha Huduma ukiwa na kitambulisho chako, kwa maana nenosiri jipya na stakabadhi ya ritani hutumwa huko.

P9 inastahili kusomwa polepole. Ni karatasi inayoonyesha miezi yote kumi na miwili, na kwa kila mwezi inataja mshahara wa msingi pamoja na marupurupu, manufaa yasiyo ya fedha taslimu kama vile nyumba au gari la kampuni, jumla ya malipo, michango ya pensheni, riba ya mkopo wa nyumba ikiwa ipo, mapato yanayotozwa ushuru, ushuru uliokokotolewa, nafuu za ushuru, na mwishowe PAYE iliyokatwa. Linganisha kila mwezi na hati yako ya malipo. Ukikuta mwezi mmoja hauna takwimu ilhali ulilipwa, au PIN yako imeandikwa vibaya, rudi kwa idara ya mishahara mapema, kwa kuwa marekebisho ya upande huo hufanywa na mwajiri na wewe huna uwezo wa kuyafanya ndani ya iTax.

Kagua pia kama makato yamezingatiwa ipasavyo. Tangu tarehe 27 Desemba 2024, mchango wa SHIF (mfuko wa bima ya afya ya jamii) wa asilimia 2.75 na ushuru wa nyumba za gharama nafuu wa asilimia 1.5 huondolewa kwenye mshahara kabla ya PAYE kukokotolewa, na pamoja nao michango ya pensheni, ikiwemo ile ya NSSF (mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii), mradi isizidi shilingi 30,000 kwa mwezi. Mabadiliko hayo yalifuta nafuu ya ushuru iliyokuwa ikitolewa awali kwa ushuru wa nyumba, kwa hiyo maelezo ya miaka ya nyuma unayoweza kuyakuta mtandaoni hayalingani tena na P9 ya mwaka wa 2025.

Ikiwa una bima ya maisha, bima ya elimu ya mtoto inayokomaa baada ya angalau miaka kumi, au bima ya afya ya kampuni binafsi, omba cheti cha malipo ya mwaka kutoka kwa kampuni ya bima. Nafuu yake ni asilimia 15 ya fedha ulizolipa, na haiwezi kuzidi shilingi 60,000 kwa mwaka. Mwenye mkopo wa nyumba anayoishi mwenyewe anahitaji cheti cha riba kutoka kwa benki, na kiwango cha juu cha riba kinachoruhusiwa ni shilingi 360,000 kwa mwaka. Mtu mwenye ulemavu aliyepewa cheti cha msamaha wa ushuru anasamehewa shilingi 150,000 za kwanza za mapato ya kila mwezi, lakini lazima cheti kiwe bado hakijaisha muda, na nambari yake pamoja na tarehe zake ziandikwe katika ritani.

Ndani ya iTax

Fungua itax.kra.go.ke, andika PIN, kisha nenosiri, halafu ujibu hesabu fupi ya kujumlisha au kutoa ambayo mfumo hukupa. Ukiingia, nenda kwenye menyu ya "Returns". Hapo utaona njia kadhaa. Aliye na mapato ya ajira peke yake huchagua fomu ya "ITR For Employment Income Only", ambayo hujazwa moja kwa moja mtandaoni na huja ikiwa na baadhi ya sehemu zilizokwisha kujazwa kutokana na orodha za mwajiri. Mwenye mapato mengine zaidi ya mshahara huchagua "File Return", huonyesha kwamba anajiwasilishia mwenyewe, huchagua wajibu wa ushuru wa mapato wa mkaazi, kisha hupakua fomu ya Excel, huijaza kwenye kompyuta, huithibitisha, na huipandisha tena kwenye mfumo. Kwa mara ya kwanza, hasa kwa mwajiriwa wa kawaida, fomu ya mtandaoni inatosha kabisa.

Kwamba sehemu zimekwisha kujazwa hakumaanishi kwamba ni sahihi. Andika kipindi cha ritani, kuanzia tarehe 1 Januari hadi 31 Desemba ya mwaka uliopita, hata kama ulianza kazi Septemba. Jibu maswali ya mwanzo kuhusu bima, mkopo wa nyumba na cheti cha ulemavu kwa uangalifu, kwa maana ukijibu "la" sehemu husika hufungwa na nafuu yako hupotea bila onyo lolote. Andika pia akaunti yako ya benki, kwa jina lako mwenyewe, kwa sababu ndiyo itakayotumika ikiwa utarejeshewa fedha.

Katika sehemu ya mapato ya ajira, inayojulikana kwa herufi F, weka PIN ya mwajiri na jumla ya malipo kama ilivyo kwenye P9. Hapa ndipo kosa kubwa hutokea. Baadhi ya watu huandika fedha walizopokea mkononi baada ya makato yote, na wengine huandika mapato yanayotozwa ushuru, kisha hukata pensheni, SHIF na ushuru wa nyumba kwa mara ya pili katika sehemu ya hesabu ya mwisho. Kinachotakiwa ni jumla ya malipo kabla ya makato yoyote, na makato yaingie mara moja tu, mahali pake.

Sehemu ya M inahusu PAYE, na ina takwimu mbili zinazofanana kwa jina. Moja ni ushuru unaotokana na mapato yanayotozwa, kabla ya kuondoa nafuu. Nyingine ni ushuru uliokatwa kwa hakika, baada ya kuondoa nafuu. Ya pili daima ni ndogo kuliko ya kwanza, na ndiyo inayohesabiwa kuwa fedha ulizokwisha kulipa. Ukizibadilisha, mfumo utaonyesha kwamba ulilipa zaidi ya ulivyolipa, na utaonekana unadai fedha zisizo zako.

Sehemu ya mwisho, T, ndiyo inayokusanya yote. Mfumo hutumia viwango vya mwaka mzima: shilingi 288,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, shilingi 100,000 zinazofuata asilimia 25, shilingi 5,612,000 zinazofuata asilimia 30, shilingi 3,600,000 zinazofuata asilimia 32.5, na kila kinachozidi shilingi 9,600,000 asilimia 35. Baada ya hapo huondolewa nafuu ya mtu binafsi, ambayo kwa mwaka mzima ni shilingi 28,800, na nafuu ya bima kama ipo, kisha PAYE iliyokatwa. Kinachobaki chini kabisa ndicho unachotakiwa kukielewa kabla ya kubonyeza kitufe cha kuwasilisha.

Takwimu ya mwisho ina maana gani

Kwa mtu aliyefanya kazi kwa mwajiri mmoja mwaka mzima kwa mshahara usiobadilika, takwimu hiyo inapaswa kuwa sifuri, au shilingi chache juu au chini yake kutokana na kukadiria senti. Ikitokea maelfu ya shilingi, usiwasilishe kwanza. Rudi kwenye sehemu za F na M, linganisha upya na P9, na mara nyingi utakuta nambari iliyoandikwa mahali pasipo pake.

Kwa aliyeajiriwa katikati ya mwaka, hali ni tofauti, na tofauti hiyo ni halali. Tuchukue mfano wa mhitimu aliyeanza kazi Julai 2025 kwa mshahara wa shilingi 60,000 kwa mwezi. Kila mwezi hukatwa NSSF shilingi 3,600, SHIF shilingi 1,650 na ushuru wa nyumba shilingi 900, na hivyo mapato yanayotozwa ushuru huwa shilingi 53,850. Kwa viwango vya mwezi, shilingi 24,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, shilingi 8,333 zinazofuata asilimia 25, na zilizobaki asilimia 30, na jumla ya ushuru kabla ya nafuu hufika shilingi 10,938.35. Kwa miezi sita hiyo ni shilingi 65,630.10.

Sasa tazama mwaka kwa jumla. Mapato yake yote yanayotozwa ni shilingi 323,100, kwa sababu kuanzia Januari hadi Juni hakulipwa chochote. Kwa viwango vya mwaka, shilingi 288,000 za kwanza zinazaa ushuru wa shilingi 28,800, na shilingi 35,100 zilizobaki zinazaa shilingi 8,775, jumla shilingi 37,575. Kabla hata ya kuzungumzia nafuu, kuna tofauti ya shilingi 28,055. Mwajiri hakukosea, yeye hukokotoa kwa mwezi, na hawezi kujua kwamba nusu ya kwanza ya mwaka ulikuwa nyumbani. Tofauti hiyo huonekana katika ritani pekee, na kijana anayewasilisha ritani ya sifuri huiacha bila kujua kwamba ni yake.

Ritani ikionyesha kwamba umelipa kupita kiasi, fedha hazirudi zenyewe. Lazima uwasilishe ombi la kurejeshewa kupitia iTax, na sheria inakupa miaka mitano tangu ulipolipa. KRA huweza kukuomba P9, barua ya kuajiriwa na hati za malipo kabla ya kukubali, kwa hiyo zihifadhi.

Upande wa pili ni mtu aliyekuwa na waajiri wawili kwa wakati mmoja, kama vile mhadhiri anayefundisha katika vyuo viwili. Kila mwajiri huanza kukokotoa kwenye asilimia 10, na ikiwa kila mmoja alimpa nafuu ya shilingi 2,400 kwa mwezi, mtu huyo amepewa mara mbili kitu ambacho sheria inamruhusu mara moja. Ritani yake itaonyesha deni, na anatakiwa alijue mapema kwa sababu ya tarehe ambayo wengi hawaijui: ritani hupokelewa hadi tarehe 30 Juni, lakini salio la ushuru wa mwaka linatakiwa kulipwa kufikia tarehe 30 Aprili. Anayesubiri Juni ili kugundua deni lake tayari ana faini ya asilimia 5 ya kiasi hicho na riba ya asilimia 1 kwa kila mwezi. Malipo hufanywa kwa kutengeneza hati ya malipo ndani ya iTax, ambayo hukupa nambari ya kulipia benki au kwa simu. Usimpe mtu fedha taslimu akakulipie.

Ukiwa na mapato mengine

Kipato cha pembeni huingia kwa njia tofauti kulingana na aina yake. Riba ya akiba benki iliyokatwa asilimia 15, na gawio la hisa za kampuni za Kenya lililokatwa asilimia 5, zimekwisha kutozwa ushuru wa mwisho na hazitozwi tena. Kodi ya nyumba ya makazi, ikiwa jumla yake kwa mwaka ni kati ya shilingi 288,000 na shilingi milioni 15, hutozwa asilimia 7.5 kila mwezi kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na huo nao ni ushuru wa mwisho. Biashara yenye mauzo ya zaidi ya shilingi milioni 1 hadi milioni 25 kwa mwaka huweza kuwa chini ya ushuru wa mauzo wa asilimia 3, unaolipwa pia kila mwezi. Biashara iliyo chini ya hapo haijasamehewa: faida yake hujumlishwa na mshahara katika ritani ya mwaka.

Aliyefanya kazi ya ushauri na akakatwa asilimia 5 wakati wa kulipwa anapaswa kupakua cheti cha makato hayo kutoka iTax, kutangaza malipo yote kabla ya makato, kisha kudai ile asilimia 5 kama ushuru uliokwisha kulipwa. Tangu tarehe 1 Januari 2024, gharama za biashara hukubaliwa tu zikiwa na ankara ya eTIMS (mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki), isipokuwa zile zilizosamehewa kisheria, kwa hiyo stakabadhi ya mkono haitakusaidia kupunguza faida inayotozwa.

Miaka iliyopita na baada ya kuwasilisha

Wengi wanaowasilisha kwa mara ya kwanza walipata PIN wakiwa bado chuoni, kwa ajili ya mkopo wa masomo au kufungua akaunti, na wajibu ukaanza tangu mwaka huo. Angalia katika iTax ni miaka ipi haina ritani, na uiwasilishe mmoja baada ya mwingine ukianzia wa zamani zaidi: ya sifuri kwa miaka usiyokuwa na mapato, na kamili kwa miaka uliyofanya kazi. Faini ya kuchelewa kwa mtu binafsi ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya ushuru unaodaiwa, kutegemea ipi ni kubwa, na huhesabiwa kwa kila mwaka peke yake. Ni afadhali kulipa faini za miaka miwili leo kuliko kuzigundua siku mwajiri mpya anapokudai cheti cha uzingatiaji wa ushuru, ambacho hutolewa kwa aliyekamilisha ritani zake na asiye na deni, na hudumu miezi kumi na miwili.

Ukishabonyeza kitufe cha kuwasilisha, mfumo hutoa stakabadhi yenye nambari na tarehe, na nakala hutumwa kwa barua pepe. Ipakue siku hiyohiyo, na uiweke pamoja na P9 na vyeti vya bima kwa angalau miaka mitano, ambao ndio muda ambao sheria inataka rekodi zihifadhiwe. Ikiwa baadaye utagundua kosa, au kumbe ritani ya mwaka uliopita ilijazwa sifuri katika saiberi bila wewe kuelewa, iTax inaruhusu kuwasilisha ritani iliyorekebishwa ndani ya miaka mitano. Fanya hivyo mwenyewe kabla ya kuandikiwa barua na KRA, na ubadilishe nenosiri lako ikiwa liliwahi kuandikwa kwenye daftari la mtu mwingine.